Pua ya Chama

Kwa miaka ishirini na saba hakuna gunia la kahawa lililoingia stoo ya chama bila kupita chini ya pua ya Eliudi. Mizani ilikuwepo, daftari lilikuwepo, mwenyekiti alikuwepo na miwani yake. Lakini mtu aliposhuka kutoka kihambani, shamba la nyumbani kwake, na gunia kichwani, macho yake yalimtafuta yule mzee mrefu mwenye koti la kijivu. Eliudi hakuwa na haraka. Alifungua mdomo wa gunia, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kutoa konzi ya kahawa kutoka chini kabisa, maana watu wa mlimani ni wacha Mungu, lakini kahawa nzuri huiweka juu. Aling'ata punje moja kujua kama imekauka. Kisha aliinamisha uso kwenye kiganja, akafumba macho, akavuta pumzi. Foleni nzima ilinyamaza. Akisema "safi," gunia lilipanda mizani. Akisema "rudi nayo," hakubisha mtu, hata mchungaji.

Chama chenyewe si kikubwa cha kutisha. Kipo juu ya Marangu, kina wanachama mia na kidogo, Walutheri na Wakatoliki, na jengo moja la mawe walilojenga babu zao siku ambazo kahawa ilisomesha watu hadi Ulaya. Siku hizi kahawa peke yake haimfikishi mtoto kidato cha nne, kwa hiyo chama kimejifunza kuokota shilingi kila inapoangukia. Kinaotesha miche na kuiuza. Kinakodisha viti vya plastiki na maturubai kwa harusi na kwa misiba, na kusema kweli misiba haijawahi kukiangusha. Watalii wanaoshuka mlimani na miguu iliyovimba huletwa kuona kahawa inavyomenywa, inavyokaangwa na kutwangwa kwenye kinu, na mwanachama anayewahudumia hupewa chake jioni.

Lakini nguzo ya yote hayo ilikuwa mnunuzi mmoja wa ng'ambo ambaye kwa miaka sita alichukua kahawa yao moja kwa moja, bila kuipitisha mnadani, kwa bei ambayo vyama vya jirani viliisimulia kwa wivu. Mnunuzi huyo hakudai makubwa. Alitaka kahawa isiyonuka kitu kingine chochote. Ndiyo maana pua ya Eliudi ilikuwa mali ya chama kuliko hata lile jengo la mawe.

Pua hiyo ilikufa wakati wa masika.

Ilianza kwa mafua na homa iliyomlaza wiki nzima. Alipona, akarudi kwenye ng'ombe wake na migomba yake, wala hakushuku kitu. Siku moja mkewe, Ruth, alibandika maziwa jikoni akaenda kukata majani ya ng'ombe. Aliporudi alikuta sufuria imekuwa nyeusi, jiko zima limejaa moshi, na mumewe ameketi hatua tatu kutoka mlangoni akinoa panga, mgongo ameupa mlango.

"Baba Elisifa, husikii maziwa yanaungua?"

"Nilikuwa mbali kimawazo," alijibu Eliudi.

Ruth alipoondoka kwenda kusugua sufuria, mzee alikwenda zizini akainama juu ya samadi mbichi. Hakuna. Alikata kitunguu akakisogeza puani hadi machozi yakamtoka. Machozi yalikuja, harufu haikuja. Alifungua chupa ya mafuta ya taa. Hakuna. Alisimama pale na kizibo mkononi akaogopa, woga wa mtu mzima ambaye hana wa kumkimbilia.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka sitini na nne, hakusoma zaidi ya darasa la saba, hakuwahi kuwa mzee wa kanisa wala mjumbe wa nyumba kumi. Heshima yote aliyokuwa nayo duniani ilikaa katikati ya macho yake na mdomo wake. Alijiambia itarudi. Msimu ulipofunguliwa Agosti ilikuwa haijarudi, naye alikaa mahali pake mlangoni pa stoo kama kawaida. Alitumia macho, meno na masikio. Alitazama rangi, alisikiliza punje zinavyolia kiganjani, na alipoinamisha uso kuvuta ile pumzi maarufu alikuwa anawachungulia wenye kahawa kwa jicho moja aone nani anababaika. Agosti ikapita salama, Septemba ikapita, Oktoba ikapita. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio hakisemi kitakuja siku gani.

Novemba mvua za vuli zilikataa kukatika. Watu walikesha na nailoni zao, kufunika kahawa na kufunua, kufunika na kufunua, jua likichungulia dakika kumi na kuondoka. Dominika, mjane wa marehemu Jacob, alikuwa na kahawa ya magunia mawili kwenye kichanja chake na ilianza kuota ukungu. Dominika ndiye aliyewahudumia watalii. Alijua kutwanga na kuimba kwa pamoja, alijua kuwacheka bila wao kujua, na chama kilimkabidhi ufunguo wa stoo ili achukue kahawa ya wageni. Fedha hiyo ya wageni pamoja na kahawa yake ndivyo vilivyomweka binti yake Monica chuoni. Alipoona ukungu alishikwa na hofu, akafanya alichokuwa akikifanya mama mkwe wake kwa mahindi, kwa ulezi na kwa ndizi za mbege: aliipandisha kahawa darini, juu ya jiko la kuni, ikakaa huko siku nne. Mahindi yakilala darini huepukana na wadudu. Kahawa ikilala darini hunywa moshi kama mlevi anywavyo mbege, na haitapiki.

Dominika aliijua hiyo hatari, ila pua yake imeishi na kuni miaka hamsini na haikuweza tena kutofautisha. Kwa hiyo aliibeba kahawa akaipeleka kwa mtu anayeweza.

"Shikamoo, meku," alimwamkia Eliudi, akimwita mzee kwa lugha ya nyumbani.

"Marahaba, Mama Monica. Mvua imekuachia?"

"Haijaniachia hata kidogo. Baba, hii ninusie vizuri. Nimehangaika nayo, na mimi pua yangu siiamini. Ukisema hapana naibeba narudi nayo, wala sitanuna."

Eliudi alizamisha mkono. Aling'ata punje, ilikuwa kavu, kavu kupita kahawa yoyote aliyoipokea mwezi ule, na hilo peke yake lingetosha kumwamsha. Aliitazama rangi, lakini siku ilikuwa na wingu zito na stoo ina dirisha moja. Watu wanane walikuwa kwenye foleni wakimwangalia. Akakumbuka kwamba kahawa ya mama huyu haijawahi kurudishwa hata mara moja tangu alipoolewa. Aliinamisha uso, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu ya hewa tupu.

"Safi," alisema.

Dominika alishusha mabega, akashukuru kwa lugha ya nyumbani. "Aika, baba. Basi nimepona."

Jibu la sampuli iliyotumwa kwa mnunuzi lilikuja Desemba, watu wakiwa wameanza kupaka nyumba chokaa kuwasubiri ndugu wanaopanda kutoka Dar kwa ajili ya Krismasi. Ronald, katibu wa chama, kijana aliyemaliza chuo na kukosa kazi mjini, alilipokea kwenye simu yake akakimbia nalo hadi kwa mwenyekiti. "Mwalimu, wamei-reject," alisema huku akihema. "Wanasema kahawa ina harufu ya moshi. Mzigo wote." Samaki mmoja akioza wote wameoza, na magunia yalikuwa yamelala stoo moja, yamegusana.

Mkutano uliitishwa Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti, Mwalimu Filemon, mstaafu aliyezoea kuzungumza kana kwamba ana chaki mkononi, aliamuru magunia yafunguliwe moja baada ya jingine mbele ya watu, kila moja likiwa na namba ya mwenyewe. Eliudi alikaa mstari wa mbele. Hakuyaangalia magunia, aliangalia nyuso. Walipofungua magunia ya namba sitini na tatu aliona mama wa mbele anaziba pua na upande wa kanga, kisha aliyemfuata, kisha safu nzima ikageuka. Hapo ndipo alipojua alichokifanya.

"Sitini na tatu ni nani?" aliuliza Filemon, ingawa alijua.

Dominika alisimama. Hakuficha kitu. Alieleza mvua, ukungu, dari, siku nne. "Nilikosea," alisema. "Lakini sikuiingiza kwa siri. Nilimwambia mzee anuse, naye alinusa."

Ukumbi ulinong'ona. Filemon alivua miwani. "Mzee Eliudi, magunia haya yalipita kwako?"

"Yalipita."

"Yakiwa na harufu hii?"

Kulikuwa na nafasi ndogo hapo, ya kutosha mtu kuvuta pumzi na kusema maneno matatu. Eliudi aliiona. Aliona pia nyuso mia moja zilizomtazama kwa imani, ile ile aliyoishi nayo miaka ishirini na saba.

"Siku ile ilikuwa safi," alisema.

Basi yakawa hayo. Kama mzee alinusa na ilikuwa safi, na leo inanuka, maana yake si kahawa ile. Na nani mwenye ufunguo wa stoo? Mtu mmoja alisema Dominika aliingiza nzuri, akaitoa akawauzia walanguzi wa barabarani, akarudisha hii mbovu. Mwingine akasema hata ile hadithi ya dari ni ya kufunika wizi, kwa maana nani asiyejua kwamba pua ya Eliudi ingeikamata kahawa ya darini tangu getini? Mama mmoja wa nyuma alipaza sauti: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Huyu hajawahi kuiba hata ndizi." Hakuna aliyemsikiliza. Mnunuzi alikuwa ameahidi, kwa hisani ya miaka sita, kupokea sampuli nyingine ikiwa mbovu itaondolewa, kisha mpokeaji wa kahawa aweke sahihi kwamba ameyapitia upya magunia yote kwa pua yake. Mikono ilinyooshwa. Dominika alifukuzwa uanachama, akaweka ufunguo mezani, akatoka bila kulia. Ronald alileta karatasi na kalamu, na Eliudi akaweka sahihi.

Jumanne mchana, Ruth akiwa jikoni, wageni wawili walipita kati ya migomba. Walikuwa Dominika na shemeji yake Basili, mzee wa maneno machache. Dominika alishika mkononi jani la isale.

Isale ni mmea wa kawaida tu, unaota kwenye mipaka ya kila kihamba, lakini jani lake likishikwa mkononi na mtu anayekuja kuomba radhi, mambo hubadilika. Mkosaji huja na shahidi, hutaja kosa lake, hunyoosha jani. Aliyekosewa hulipokea. Hata kama alidhulumiwa shamba, hata kama damu ilimwagika, hulipokea. Wazee walioacha kutambika zamani na kumfuata Yesu, isale hawakuiacha.

"Shikamoo, meku," alisema Dominika, akapiga magoti kwenye majani makavu ya migomba. "Ya chama nimeyaacha huko. Mimi nimekuja kwa ajili yako. Nililala nikiwaza, nikaona labda kweli pua ilidanganywa na mvua, na mimi ndiye niliyekuletea kahawa ya darini mkononi, nikakuponza mbele ya watu. Wanasema nilitaka kukuharibia jina. Krismasi inakuja, baba, siwezi kwenda kanisani na jambo hili. Nisamehe."

Akanyoosha jani.

Eliudi alilitazama. Aliyekosewa katika ua ule alikuwa amepiga magoti, na mkosaji alikuwa ameketi kwenye kigoda. Alifikiri, na alifikiri kwa moyo mweupe kabisa, kwamba akilipokea jani lile atakuwa amemwibia mama huyu mara ya pili. Hakustahili. Huo ndio ukweli pekee alioweza kuushika siku ile, akaushika vibaya.

"Siwezi kuipokea," alisema.

Alitaka kuendelea. Badala yake aliinamisha macho chini.

Basili aliinua kichwa. "Mzee, isale haikataliwi."

"Siwezi."

Dominika alibaki ameinua mkono kwa muda, kana kwamba hakusikia. Kisha alisimama, akakung'uta kanga, akaondoka na jani lake. Basili alimtazama Eliudi jinsi mtu anavyoitazama nyumba iliyoungua, akamfuata shemeji yake.

Ruth alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. "Umemfanyia nini yule mama?"

Ndipo Eliudi alipoyasema yote, kwa mkewe kwanza, akiangalia chini. Ruth alisikiliza hadi mwisho. "Nilijua tangu siku ya maziwa," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Sasa umengoja mpaka umemkanyaga mtoto wa watu." Alikwenda mpakani, akakata jani la isale, akamwekea mkononi. "Twende. Mimi nitakuwa shahidi."

Lakini mvua ilianza kunyesha, na Eliudi aliisingizia. Alisema njia inateleza, alisema kesho alfajiri na mapema, alisema mama naye apoe kwanza. Ruth alichoka kubishana. Jani lililala mezani usiku ule.

Asubuhi walipanda. Walipokaribia kihamba cha Dominika walisikia panga. Ruth alidhani anakatia ng'ombe majani. Walipopita migomba ya mwanzo waliona mibuni imelala chini, mistari kwa mistari, majani yake bado ya kijani, mingine ikiwa na punje nyekundu za mwisho wa msimu ambazo hazijachumwa. Ilikuwa mibuni iliyopandwa na babu wa marehemu Jacob. Dominika alikuwa ameinama kwenye mstari wa mwisho kasoro mmoja, kanga ameifunga kiunoni, anakata kwa mikono miwili. Ruth alishika mdomo. Hewa lazima ilijaa harufu ya mti mbichi. Eliudi alisimama katikati yake na hakuipata.

Dominika aliwaona. Alinyooka, akapangusa uso. "Shikamoo, meku," alisema, na salamu hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Eliudi alisahau kuitikia. Alipiga magoti kwenye matope, mzee wa miaka sitini na nne, akanyoosha jani lililoanza kunyauka.

"Pua yangu ilikufa tangu masika. Siku ile uliponiambia ninuse, sikunusa kitu. Hukuiba. Hukubadilisha gunia. Uliwaambia watu ukweli na mimi nikakufanya mwongo. Na jana nilikataa isale yako kwa sababu niliona sistahili, nikashindwa kusema kwa nini. Nisamehe, Mama Monica."

Dominika aliangalia jani, akaangalia mibuni iliyolala.

"Jana ungeniambia."

"Ningekuambia."

"Jana ilikuwa imesimama yote." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Niliporudi kutoka kwako nilisema, kama hata isale nimekataliwa, basi hiki kitu kinachonitia laana nakiondoa. Nilianza jana hiyo hiyo, kwenye mvua."

Ruth alikuwa analia waziwazi. Dominika aliweka panga chini, akafuta mikono kwenye kanga, akalichukua jani.

"Nimepokea," alisema. "Isale haikataliwi."

Kisha akawakaribisha chai, maana mgeni ni mgeni.

Jumamosi Eliudi alisimama mbele ya chama akasema yote. Filemon aliinamisha kichwa mezani na hakukiinua kwa muda mrefu. Mnunuzi alipoambiwa kwamba sahihi aliyopewa ni ya mtu asiyenusa, alishukuru kwa ukweli huo, akaenda kununua kwingine. Kahawa ilipelekwa mnadani pamoja na kahawa ya kila mtu, na Krismasi ile mbuzi walichinjwa wachache. Wapo waliompa Eliudi mkono. Wapo waliosema angenyamaza tu mpaka msimu uishe, na hao ndio walikuwa wengi. Siku hizi hukaa nyumbani. Ruth akibandika maziwa haendi mbali.

Dominika alirudishiwa uanachama wake siku ile ile, kwa mikono yote kunyooshwa, na ufunguo wa stoo akapewa. Mbuni ukikatwa kwa utaratibu huchipua, na baada ya miaka mitatu huzaa tena. Lakini ya Dominika haikukatwa kwa utaratibu, ilikatwa kwa uchungu, na mashina mengi yaliyopasuliwa yameoza kwa mvua. Agosti iliyofuata, msimu ulipofunguliwa, Ronald aliita namba kama katiba inavyotaka, moja baada ya nyingine. Alipofika sitini na tatu, Dominika aliitika kutoka kwenye kinu alikokuwa akiwatwangia wageni kahawa ya watu wengine.

"Nipo," alisema. "Sina kitu. Endelea."